Mzee Mara ya Tatu

Jina lake la ubatizo lilikuwa Nikodemo, la ukoo Mgaya, lakini ukimuulizia kwa majina hayo, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, utaambiwa huyo hatumjui. Uliza Mzee Mara ya Tatu. Hapo hata mtoto mdogo atakuonyesha nyumba, ile yenye viti vya ofisi kibarazani na mizani mbili kubwa zisizopima kitu.

Jina hilo alilipata mnadani. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huria, kila mwezi kilikuwa kinafungwa kitu cha umma. Leo ghala, kesho duka, keshokutwa karakana, na kila kinapofungwa kitu dalali anakuja na fimbo yake, anapanga vitu uwanjani: meza, taipureta, baiskeli, mabati, makabati yasiyo na funguo. Nikodemo alikuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha ushirika. Chama kilipokufa alikwenda kwenye mnada wake, akakuta wanauza kiti alichokikalia miaka kumi na minne. Akakinunua kwa bei ya kutupa. Tangu siku ile hakutafuta ajira tena. Kazi yake ikawa kununua vya mnadani na kuviuza mwenyewe pale kibarazani.

Na alikuwa fundi, usimwone vile. Mnajua mnada unavyokwenda: dalali anataja bei, watu wanapandishiana, bei ikikwama anatangaza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, fimbo inagonga, kimeuzwa. Wengi humaliza pumzi huko mwanzoni kwa kutaka kuonekana wanaume. Nikodemo hafungui mdomo. Anasimama nyuma kabisa, anatafuna karanga, anatazama kitu asichokitaka. Kama shida yake ni baiskeli, atakwenda kukagua meza, ataigonga, atainama kuona miguu yake. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mshindani wake ameshaanza kutabasamu, anajiona ameshapanda baiskeli anaondoka nayo. Dalali anainua fimbo, "mara ya ta...", ndipo sauti inatoka nyuma, ya upole kama ya mtu anayeomba chumvi: "Na mia mbili." Fimbo imegonga. Kwa haki dalali angehesabu upya, lakini upepo wa Makambako unakata masikio na madalali nao ni binadamu, wanataka kumaliza wakaote moto.

Watu wakaanza kumsoma. Wakagundua kwamba kabla hajataja bei huinama kufunga kamba za viatu. Basi akiinama tu, wao wanapandisha. Unajua alifanyaje? Mnada uliofuata alikuja na kandambili, kwenye baridi ile, vidole vimekuwa vyeupe, na akaondoka na mabati ishirini.

"Ukionyesha unapenda, umeshapigwa," alikuwa akimwambia mkewe, Dorkasi. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Dorkasi anamjibu, anaendelea kupepeta maharage yake.

Hilo la kutoonyesha lingekuwa la mnadani tu, lisingekuwa na neno. Shida ni kwamba alilileta nyumbani. Dorkasi alipika miaka ishirini na sita bila kuambiwa chakula kitamu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Fidelia. Siku Fidelia alipokuwa wa kwanza darasani, alikuja mbio na karatasi yake kutoka shuleni, akamkabidhi baba. Baba akaisoma yote, akasema, "Hm," akamrudishia. Mtoto akabaki amesimama. Asichokijua, na hakuna aliyekijua ila Dorkasi aliyechungulia mlangoni, ni kwamba baba aliingia stoo akakaa juu ya gunia akalia kwa furaha mpaka akapenga kamasi. Jamani, kwa nini mtu akalie stoo? Mtoto yuko uani!

Fidelia akakua, akawa mrefu kama baba yake, akaenda Makambako kuuza mitumba. Huko akapendana na Sudi, mtu wa Tanga, mwenye lori lake, Mwislamu, kijana wa heshima. Sudi akatuma wazee kuleta posa. Walikuja kwa adabu zote, wakasema walichotumwa. Nikodemo akawasikiliza, akakaa kimya, akawaaga. Wakaja tena baada ya mwezi. Akakaa kimya vilevile.

"Unawakatalia?" Dorkasi akamuuliza.

"Nani kakataa? Wakija mara ya tatu nawapa. Binti asionekane rahisi."

Wazee wale hawakuja mara ya tatu. Na wangekujaje? Mtu umemwendea mara mbili hakujibu, amekujibu. Fidelia na Sudi wakaenda kufunga ndoa bomani, na habari ilimfikia Nikodemo sokoni, mbele za watu, kutoka kinywa cha muuza vitunguu. Aibu ikamkaba. Akasema pale pale, kwa sauti, kwamba anayeolewa na mtu wa dini nyingine bila baraka za baba huyo si mtoto wake. Uongo mtupu. Dini haikuwa imemsumbua hata siku moja, yeye biashara zake zote alikuwa akifanya na Waislamu wa Makambako na pilau yao ya Idi hakuikosa. Lakini neno likishatoka mbele za watu, kulirudisha ni kazi. Miaka sita ikapita. Fidelia akawa anazungumza na mama yake kwa siri, sokoni, wameinamia fungu la nyanya kama wateja wawili wasiojuana.

Mwaka tisini na tatu, mwezi wa saba, Dorkasi akarudi kutoka sokoni macho mekundu. Hakuvua hata kitenge alichojitanda.

"Baba Fidelia, kaa chini. Wanahama. Kaka yake Sudi ana gereji Kitwe, huko Zambia. Wanahama moja kwa moja."

Nikodemo akakaa. Moyo ulimruka, akavaa uso wa mtu anayesikiliza habari za mvua.

"Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno atakuja kanisani," Dorkasi akaendelea. "Ataleta sadaka yake. Nimemwambia utaisemea kwenye mnada."

Hapa nieleze kidogo. Katika usharika wao, ule wa kando ya barabara iendayo Makambako, sikukuu ya mavuno kila mtu huleta alichonacho madhabahuni: kuku, viazi, maharage, miwa, mayai. Ibada ikiisha vinanadiwa nje, fedha inabaki kanisani. Na palikuwa na desturi ambayo hakuna mchungaji aliyeifundisha wala haikuandikwa popote. Kama watu wawili wamekosana, mmoja akanunua sadaka ya mwenzake kisha akamrudishia mkononi, basi yamekwisha. Hakuna kikao, hakuna wazee, hakuna kuulizana nani alianza. Ndugu waliogombania shamba walipatana kwa jogoo. Kwa mtu kama Nikodemo, ambaye neno "nisamehe" lilikuwa halipiti kooni, ilikuwa njia pekee.

"Sawa," akasema.

"Sikiliza vizuri, sijamaliza. Mtoto amesema hivi: 'Mwambie baba asinisubirishe. Wakiitaja tu sadaka yangu, aseme, hata kwa shilingi mia. Nikiisikia sauti yake mwanzoni nitajua ananitaka. Akinyamaza mpaka mwisho kama anavyofanya kwa mabati, mimi siyangoji hayo, naondoka.' Umesikia?"

"Nimesikia, mama Fidelia. Mimi si kiziwi."

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," Dorkasi akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Na kweli alikusudia. Tumpe haki yake. Wiki nzima alikuwa akilala na neno hilo na kuamka nalo. Alikwenda shambani peke yake, akajaribu kulitamka kati ya mahindi makavu: "Mia tano! Mia tano hapa!" Sauti ikamtoka vibaya, akaona haya mbele ya mahindi. Jumapili akavaa koti lake la suti na viatu vya kamba, na mfukoni akaweka elfu tano, ambayo kwa mnada wa kanisani ni kununua madhabahu yote.

Ibada hakuisikia. Alikuwa anahesabu vichwa vya upande wa wanawake mpaka akamwona. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mgeni.

Baada ya ibada watu wakatoka nje, baridi imetanda, umande haujakauka kwenye nyasi. Mnadishaji alikuwa mzee wa kanisa, Efraimu, mtu wa maneno mengi. Wafanyabiashara wa Makambako walikuwapo kama kila mwaka, wamesimama kando na magunia yao, wanangoja viazi na maharage. Fidelia akasimama upande wa pili, karibu na ua wa misonobari. Huko chini barabarani Sudi alikuwa anangoja ndani ya pikapu ya kuazima. Nikodemo safari hii hakusimama nyuma. Alikwenda mbele kabisa, watu wakampisha, wakatazamana. Usharika mzima ulikuwa unajua.

Wakauza kuku. Wakauza miwa, wakauza mayai, Efraimu akatania kwamba moja limeshaanza kuwika. Halafu akainua sweta.

Lilikuwa sweta la kijivu, la kufumwa kwa mkono, refu mno. Pale usharikani hakuna mwanaume ambaye lingemfaa isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa amesimama mbele. Wanawake wakaguna kwa huruma. Hakuna aliyetaka kutaja bei, wote walikuwa wanampa nafasi. Nikodemo akavuta pumzi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Elfu moja!"

Haikuwa sauti yake. Alikuwa Bashiru, mnunuzi wa viazi wa Makambako, pande la mtu, mrefu vilevile, anatetemeka kwa baridi ndani ya shati jepesi. Hakujua lolote. Aliona sweta la saizi yake, akalitaka, akasema. Kosa lake liko wapi?

Na Nikodemo akafunga mdomo.

Hata yeye mwenyewe baadaye hakuweza kueleza. Aliposikia bei ya mtu mwingine, damu ya mnadani ilimpanda, ile aliyoilea miaka yote. Akili ikaanza kufanya kazi yake: huyu Bashiru ana fedha, nimemwona akinunua gunia thelathini. Nikisema sasa, atajua nalitaka, atapanda, mimi nina elfu tano tu. Nikishindwa hapa nimempoteza mwanangu. Siwezi kubahatisha. Mwache atulie, ajione amepata, halafu nimalize. Ndivyo alivyowaza, maskini. Kwa kuwa hakuna kitu alichowahi kukitaka namna ile duniani, alikitafuta kwa njia aliyoiamini kuliko zote. Hakukumbuka hata kidogo kwamba aliyekuwa anamnunua alikuwa na masikio.

Akafanya na kingine. Akageuza uso. Ni kanuni yake ya siku zote, kutotazama unachokitaka. Akageukia magunia ya viazi, akawa anayatazama kama mtu mwenye shida ya viazi.

Fidelia aliona baba yake anageuza uso.

"Elfu moja, mara ya kwanza," Efraimu akasema, akalivuta neno lile mpaka likakaribia kukatika. Alikuwa anamsubiri. "Wazee wa usharika! Baridi hii jamani! Mzee Nikodemo, wewe huoni baridi?"

Watu wakacheka kicheko cha wasiwasi. Nikodemo akakasirika moyoni. Efraimu gani huyu, anataka kuniharibia?

"Baba Fidelia!" Ilikuwa sauti ya Dorkasi, kutoka upande wa wanawake, sauti ya mtu aliyemwona mtoto anaelekea kisimani. "Baba Fidelia, sema!"

Akamwonyesha kwa kiganja, chini chini: tulia, mama, najua ninachofanya.

"Mara ya pili," akasema Efraimu, na safari hii hakutania.

Fidelia akavuta kitenge akajifunika kichwa. Akapita kati ya misonobari, akashuka kwenda barabarani. Hakukimbia. Wanawake walimwona, mmoja akanyoosha mkono kumshika, ukashika hewa. Nikodemo alikuwa bado anatazama viazi.

"Mara ya ta..."

"Elfu tano!"

Loo! Uwanja ukatikisika. Mtu mmoja alipiga kigelegele, akagundua hakuna wa kumwitikia, akakiacha njiani. Bashiru akainua mikono juu. "Chukua mzee wangu, chukua. Ningejua ni lako nisingefungua mdomo." Nikodemo akalipokea sweta kwa mikono miwili, akageuka, na kwa mara ya kwanza watu wakamwona anacheka kwa meno yote. Akavuka uwanja ule na sweta mbele, mikono imenyooka, anakwenda kumkabidhi mwanaye.

Pale kwenye ua hapakuwa na mtu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, bado anacheka, uso ulikuwa haujapata habari. Huko chini pikapu ikawaka. Akakimbia, mzee wa miaka hamsini na nane na koti la suti, akateleza kwenye nyasi zenye umande akaanguka kwa magoti. Alipofika barabarani gari lilikuwa limeshapanda mlima wa pili.

Jumatatu Dorkasi alimwambia neno moja tu: "Nenda."

"Hasira ya mtoto ni kama uji," Nikodemo akasema. "Nikienda leo nitaungua. Iache ipoe."

Jumanne akamwambia tena nenda, na aliposema hivyo alikuwa analia. Nikodemo akatoka akaenda kukaa kibarazani kwenye kile kiti chake cha ushirika. Haikuwa kiburi. Alikuwa anaogopa. Alijiona anafika mlangoni, Sudi anafungua, Fidelia yuko ndani anasema simjui. Akawa anatafuta namna ya kufika bila kuumizwa, siku ikaisha.

Jumatano akaamka, akalikunja sweta kwenye gazeti, akapanda gari la asubuhi. Saa nne alikuwa Makambako. Akauliza kwa Sudi wa lori, akaonyeshwa nyumba nyuma ya stesheni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Uani mwanamke wa makamo alikuwa anaanika mchele juu ya mkeka, Ashura, mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Namtafuta Fidelia. Mimi ni baba yake."

Ashura akaacha mchele. Akamtazama urefu wake, kuanzia juu mpaka chini, akajua hasemi uongo.

"Mzee, wameondoka leo. Baada ya swala ya alfajiri."

"Leo?"

"Leo hii. Walikuwa waondoke Jumatatu. Mzigo ulishapakiwa tangu Jumamosi, Sudi anagombana naye, anamwambia mke wangu, lori limelala hapa linakula hasara. Yeye anasema, 'Namjua baba yangu, atakuja. Tungoje.' Jumatatu akakaa pale mlangoni, kila gari la Njombe likishusha abiria anasimama. Jana hivyo hivyo. Chakula nilimlazimisha. Jana jioni ndiyo akamwambia mumewe, haya, twende."

Nikodemo akatafuta pa kukaa, hakuona, akabaki amesimama na gazeti lake kifuani.

"Ameacha anwani?"

"Hakuacha. Gereji ya kaka yake mimi hata jina silijui, na Sudi mwenyewe alikuwa hajui wataishi mtaa gani."

"Aliacha neno? Alisema niambiwe nini?"

Ashura akafikiri, kwa sababu alikuwa mtu mzuri na angependa kuwa na kitu cha kumpa. "Hapana mzee. Hakusema kitu."

Ndipo ikamtoka. Sauti ile ya mnadani, ya mtu anayeomba chumvi, ilikuwa imekwenda. Ilitoka nyingine, kubwa, iliyopasuka, kuku wa Ashura wakatawanyika na majirani wakatoa vichwa madirishani.

"Nilikuwa namtaka! Namtaka, mnanisikia? Tangu mwanzo! Tangu siku aliyozaliwa nilikuwa namtaka!"

Ashura akangoja mpaka alipomaliza. Alikuwa na machozi, akasema lililomjia.

"Sasa baba yangu," akasema taratibu, "mimi unaniambia ili nifanye nini?"